Mrija wa Emorut

Mrija ulikuwa umelowa.

Ojakol aliushusha kutoka kwenye nyasi za paa, juu kidogo ya mlango, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kuvuja upande ule naye alitaka kupachika nyasi mpya. Tangu auchomeke pale, miaka ilikuwa imepita na hakuna kilichougusa ila vumbi na buibui. Sasa buibui hawakuwapo. Mrija wote, mrefu kuliko mtu, ulikuwa mkavu. Lakini ule mwisho wenye kichujio kidogo cha kusuka, mwisho unaozama chunguni, ulikuwa unadondosha. Akaunusa. Haikuwa mvua. Ilikuwa ajon, pombe ya wimbi, ya moto, kana kwamba imetoka kumiminiwa maji ya kuchemka sasa hivi.

Mate yakamjaa kinywani. Hilo ndilo lililomtisha kwanza, hata kabla ya mrija wenyewe: kwamba kinywa chake kilijibu kabla yeye hajaulizwa.

"Baba Okalebo," mkewe aliita kutoka uani, "umesimama hapo unangoja paa likuangukie?"

"Natazama nyasi."

Asekenye akaja, mikono ina majivu, akasimama mlangoni. Pua yake ikacheza. Akamsogelea mumewe, akaushika uso wake kwa mikono yote miwili, akainusa pumzi yake, kama alivyokuwa akifanya zamani kila jioni.

"Sijanywa, Mama Okalebo."

"Sijasema umekunywa."

"Unaninusa."

"Nakunusa, ndiyo." Akamwachia. Mashavuni mwa mumewe yakabaki majivu ya vidole vyake. "Nyumba inanuka, baba. Inanuka kama kilabuni kwa Ikara siku ya soko. Kama hukunywa wewe, amekunywa nani?"

Ojakol aliufuta mrija kwa shati lake, akaurudisha mahali pake. Kisha akalivua lile shati na kuliloweka kwenye maji, kwa kuwa hakutaka kukaa nalo karibu na pua.

Mrija ule ulikuwa wa mdogo wake, Emorut.

Kila mtu wa kule Ngora anajua adabu ya chungu. Mnakaa duara, chungu katikati, kila mmoja na mrija wake aliokuja nao kutoka nyumbani. Hupigi chafya juu ya chungu. Hushiki mrija kwa mkono wa kushoto. Na ukitaka kutoka, huuachi mrija umesimama chunguni peke yake kama mti usio na mwenyewe. Unamwomba jirani akushikie, naye anaushika mpaka urudi.

Jioni ya mwisho ya Emorut, kwa Ikara, mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Emorut aliinuka akiyumba. Alikuwa mcheshi, tena mwimbaji, hata watoto walimfuata njiani.

"Nishikie mrija, kaka. Naenda kuimwagilia mihogo ya Ikara, narudi."

"Usiizamishe," Ikara akasema, na watu wakacheka.

Nyuma ya ile mihogo palikuwa na shimo walilochimbia udongo wa matofali. Lilikuwa limejaa maji. Baada ya muda walimsikia Emorut akiita, "Kaka! Kaka, njoo!" Ikara akageuka, akasema, "Ojakol, ndugu yako anakuita." Naye Ojakol, mwenye mirija miwili, akavuta funda kwa mmoja, akavuta funda kwa mwingine, akasema, "Mwacheni aimbe. Leo sauti yake nzuri."

Walicheka tena. Chungu kilipokwisha, Ojakol alikwenda nyumbani na mirija yote miwili begani. Asubuhi ndipo walipomwona Emorut shimoni.

Siku ya mazishi, mzee mmoja aliuomba mrija wa marehemu auvunje juu ya kaburi, kama inavyofanywa kwa mnywaji akifa. Ojakol aliukumbatia kifuani.

"Hauvunjwi," akasema. "Aliniambia nimshikie. Akirudi nitampa."

Wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza. Mama yake, Bibi Akiteng, ambaye hata siku zile macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, alipapasa hewani akautafuta mdomo wa mwanawe, akauziba kwa kiganja. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, tena juu ya kaburi lililo wazi.

Tangu siku ile Ojakol hakunywa tena.

Haikuwa rahisi, wala haikuja mara moja kama wanavyosimulia watu kanisani. Mwanzoni alitetemeka hata hakuweza kufunga kifungo cha shati. Katekista Okwii, ambaye naye zamani alikuwa mlevi wa kulala mitaroni, alikuja kukaa naye. Hakumhubiria. Alikaa tu, akamenya viazi, akachemsha chai. Baadaye alimwingiza katika kile kikundi chake cha watu wanaokutana nyuma ya kanisa baada ya ibada, kunywa chai na kuulizana hali. Kijijini waliwaita watu wa majani.

"Karibu, mzee wa majani!" Ikara alikuwa akimpigia kelele kila anapopita. "Njoo hapa, kiti chako bado kina joto!"

"Kikalie wewe, utaangua kifaranga," Ojakol humjibu, na hupita.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa ile saa ya pombe, jua linapoanza kulegea. Hakujua kwamba alasiri ni ndefu hivyo. Akapanda michungwa ili apate kitu cha kumwagilia saa ile. Mchungwa wa kwanza aliupanda kichwani mwa kaburi la Emorut, hapo hapo uani. Ukashika, akapanda mwingine, na mwingine, mpaka uwanja wake wote wa nyuma ukawa kijani. Akajifunza kumsomea mama yake zaburi. Akayajua majina ya watoto wa jirani. Siku moja alimsikia Asekenye akiimba akisaga karanga, akasimama nyuma ya ghala, asionekane, mpaka wimbo ukaisha. Kwani alikuwa amesahau kwamba mkewe anaimba.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo. Na sasa mrija ulikuwa umelowa.

Wiki ile ile mkwewe Amuge, mke wa Okalebo, akajifungua mtoto wa kiume. Okalebo mwenyewe alikuwa kazini Kampala. Mtoto alikuwa mzima, ana nywele nyingi, lakini hakunyonya. Alipowekwa kwenye titi aligeuza uso. Walimpeleka zahanati, muuguzi akamtazama kinywa, akamtazama koo, hakuona kasoro, akawafundisha kumdondoshea maziwa ya mama kwa kijiko na kusema wamrudishe asipobadilika. Mengi yalimwagika shingoni.

"Anangoja jina," Bibi Akiteng alisema. "Kuna mtu wetu anataka jina lake, ndiye anayemziba kinywa. Leteni ajon nimtaje."

Ndivyo walivyotajwa wote katika nyumba ile: bibi huchovya kidole kwenye pombe, humtia mtoto kinywani huku akitaja majina ya waliotangulia, jina analolinyonyea ndilo lake.

"Mama, nyumba hii haina ajon," Ojakol akasema. "Mtaje kwa maziwa."

"Wafu wanayajua maziwa?"

"Mungu anayajua."

Bibi akakubali, kwa kuwa naye alimcha Mungu. Akataja kwa maziwa. Alimtaja baba yake, alimtaja mumewe, aliwataja wajomba. Jina la Emorut hakulitaja, hakuna aliyethubutu. Mtoto alilala na kidole mdomoni kama jiwe.

Alasiri ile, jua lilipolegea, Ojakol alikuwa amelala kitandani kidogo, maana usiku hakulala kwa ajili ya mtoto. Akasikia mtu anavuta mrija.

Aliijua sauti ile kama anavyojua kikohozi cha mkewe. Kwanza mvuto mrefu wa taratibu, halafu kituo, pumzi kupitia puani, halafu mvuto mwingine. Ilitoka juu ya mlango. Alilala akilitazama paa, akajiambia ni panya, akajiambia ni upepo kwenye nyasi, na wakati anajiambia hivyo ile harufu ikashuka, harufu ya wimbi uliochachuka na ya maji ya moto, na chini yake harufu nyingine, ya udongo wa matofali uliokaa ndani ya maji siku nyingi, na matone yakaanza kuanguka kizingitini, moja, kisha jingine, kama nguo inayochuruzika, mpaka ule mvuto ukafika kwenye machicha na kukoroma, kama mrija unavyokoroma chungu kikikauka, na pale palipokuwa na kukoroma ikatoka sauti ya mtu asiye na haraka.

"Kaka. Umenishikia?"

Ojakol alitoka kupitia mlango ule ule, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, akapita chini ya matone, na tone moja likamwangukia mdomoni. Akakimbia mpaka kisimani akausugua mdomo kwa mchanga hadi ukatoka damu.

Alimkuta katekista Okwii akipalilia njugu. Wakarudi pamoja. Okwii alisali, akanyunyiza maji ya baraka kwenye kizingiti na kwenye paa. Walipokuwa wanasema amina, mrija ulivuta funda moja refu juu ya vichwa vyao, kama anayewaitikia.

Okwii akakaa chini. Jasho lilimtiririka.

"Mwalimu, mfukuze," Asekenye akanong'ona.

"Sijapewa nguvu hizo, dada. Nimesali nilivyojua." Akamgeukia Ojakol. "Anataka nini?"

"Mrija wake."

"Sasa kwa nini hujampa, ndugu yangu? Miaka yote hii?"

Ojakol aliitazama mikono yake kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa imevimba kwa ule mchanga.

"Nikimpa," akasema, "atakuwa amekufa. Lakini nikiwa bado nimeushika, ametoka tu. Ametoka mara moja, anarudi."

Asekenye akajifunika uso kwa kanga. Okwii akasema, "Mimi jambo moja tu nalijua. Saa hiyo ya alasiri usikae naye peke yako. Mimi pombe iliponiita, haikuniita hata siku moja nikiwa na mtu pembeni. Kesho nitakuja mapema."

Lakini kesho yake, kabla Okwii hajafika, chungu kilikuja.

Mtoto alikuwa amelegea tangu alfajiri. Hakulia tena, alifungua mdomo tu. Amuge alikuwa ameshafunga kanga zake kwenda hospitali kubwa, wanangoja pikipiki. Bibi Akiteng, bila kumwambia mtu, alituma kwa Ikara. Ikara akaja mwenyewe na chungu kidogo mkononi na birika la maji ya kuchemka. Siku ile hakuwa na mzaha.

"Si kwa ajili yako, mzee," akamwambia Ojakol, macho yakiwa chini. "Ni kwa mtoto. Mama ameomba."

"Nani amekuruhusu kuingiza kitu hicho hapa?"

"Mimi," Bibi akasema. Alikuwa amekaa kwenye ngozi, chini ya mchungwa wa kaburini, na kitukuu chake mapajani. "Mwanangu, nilimzika mmoja kwa sababu ya chungu. Sitamzika huyu kwa kukosa chungu. Mimina, Ikara."

Maji ya moto yakaingia kwenye wimbi. Mvuke ukapanda.

Mara mrija ukawa mkononi mwa Ojakol. Baadaye Asekenye aliapa kwamba hakumwona mumewe akiingia nyumbani, na Ikara naye aliapa hivyo. Lakini mrija ulikuwa mkononi mwake, mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka, na ule mwisho wenye kichujio ulikuwa unashuka kuelekea chunguni wenyewe, polepole, kama ng'ombe anayejua njia ya mtoni, na mkono wake ukiufuata. Sauti haikutoka paani sasa. Ilitoka kwenye koo lake mwenyewe, nyuma ya ulimi, na wote waliokuwapo waliisikia, sauti ya Emorut, ya uchangamfu ule ule, ikisema kaka, mimi sina kinywa, kinywa changu kimejaa udongo, nikopeshe chako, funda moja tu, nikishiba nitamwachia mtoto kinywa chake, funda moja, kaka, ulikunywa kwa mrija wangu wakati naita, sasa kunywa kwa mrija wangu nikiwa nimenyamaza, na Ojakol akaona jinsi jambo lilivyo rahisi, akaona mtoto ananyonya, akaona mama yake anacheka, na mdomo wake uliovimba ulikuwa umeshafunguka, na mrija umeshagusa jino.

"Baba Okalebo." Asekenye alikuwa amepiga magoti mbele yake. Hakumnyang'anya mrija. Aliushika uso wake kwa mikono yote miwili, mikono ile ya majivu, akaisogeza pua yake karibu. "Pumzi yako safi," akanong'ona. "Bado safi. Nisikie mimi. Bado."

Ojakol akafumba macho. Machozi yalipita kwenye majivu.

"Emorut," akasema, na hii ilikuwa sauti yake. "Uliniita, sikuja. Nilisema unaimba. Hukuwa unaimba."

Kila kitu uani kikatulia, hata kuku.

"Sitakunywa. Hata kwa ajili yako, hata kwa ajili ya huyu. Nikinywa funda hili hutashiba, nami sitarudi, na mtoto atakuwa hana babu. Nilisema nitakupa ukirudi. Umerudi. Chukua."

Akauondoa mrija mdomoni, kichujio chini, akauchomeka kwenye udongo wa kaburi kando ya shina la mchungwa. Udongo ulikuwa mgumu lakini mrija uliingia kama kwenye uji. Kisha akamtazama mama yake, na mama yake, asiyeona, alielewa. Alimpa Amuge mtoto, akapapasa, akakishika chungu, akakimwaga chote juu ya kaburi la mwanawe mdogo. Okwii alikuwa amefika. Alisimama kwenye njia, kofia mkononi, akageuzia uso upande wa kinamasi mpaka kazi ile ilipokwisha.

Ardhi ilikunywa. Wote walisikia ikivuta kwa mrija, mvuto mrefu kuliko pumzi ya mtu, na mwingine, na mwingine, mpaka ikafika kwenye machicha, ikakoroma, ikanyamaza.

Ojakol alichuma chungwa moja, akalipasua kwa meno, akachovya kidole. Kwa heshima ya ukwe hakumsogelea Amuge. Alingoja amrudishe mtoto mapajani mwa Bibi Akiteng. Akamtia tone lile kwenye ulimi.

"Emorut," akasema.

Mtoto akakunja uso kwa ukali wa chungwa. Halafu akafunga mdomo juu ya kidole cha babu yake, akanyonya, kwa nguvu, mpaka Ojakol akahisi ukucha wake unavutwa. Amuge akamchukua akilia, akamweka kwenye titi, naye mtoto akanyonya. Pikipiki ilipofika bado walikwenda hospitali, na huko wakaambiwa mtoto hana neno.

Watu wa kijiji husema kwamba mzimu wa Emorut uliondoka siku ile. Ikara ndiye anayesimulia zaidi, akiwa kwenye chungu, na siku hizi akimwona Ojakol anapita hamwiti tena.

Mtoto Emorut sasa anatambaa. Ana afya, ni mcheshi, anaimba kabla hajajua maneno. Lakini kila siku, jua linapolegea, huacha alichokuwa akichezea. Hugeuza kichwa upande wa mchungwa, hufungua mdomo, hukaa hivyo, kimya, kama anayengoja zamu yake. Hachukui titi saa ile, hachukui uji. Amuge ameacha kumlazimisha.

Saa ile Ojakol huweka ndoo ya kumwagilia chini. Huleta bilauri yake ya chai, hukaa kwenye ngozi kando ya kaburi, humpakata mtoto. Asekenye huja na karanga zake za kumenya. Siku nyingine Okwii naye huja. Hawaongei sana.

Kiangazi kilichopita, mvua ilipokuwa imesahauliwa na udongo umepasuka, Ojakol aliunyosha mkono akaugusa mrija pale juu, kwenye mwisho ule wa mdomo. Ulikuwa na umajimaji, na joto, kama midomo ya mtu iliyotoka kuuachia sasa hivi. Alikitazama kidole chake. Mate yalimjaa kinywani.

Akakifuta kidole kwenye suruali, akayameza yale mate, akamkumbatia mtoto vizuri zaidi.

"Nimekushikia," akamwambia. "Mimi siendi popote. Nimekushikia."

Wakakaa pamoja mpaka saa ile ikapita.